Mwongozo kamili wa suka wa daladala Dar: hesabu, breki, mgongo na karatasi zako

Nimeshika usukani wa daladala miaka kumi na moja, mingi kati ya Mbagala Rangi Tatu na Makumbusho, na kabla ya hapo nilikuwa konda. Watu wakizungumzia usalama wa dereva huanza na mwendo, mkanda na pombe. Mimi naanza na hesabu, yaani ile fedha ambayo tajiri, mwenye gari, anaitaka kila siku. Sijawahi kumwona dereva anayetanua pembeni ya Barabara ya Kilwa kwa raha zake. Anakimbizana na fedha ya mtu.

Mwongozo huu ni wa anayeanza kazi, na wa mkongwe aliyezoea tabu mpaka anaiona ndiyo kazi yenyewe. Utahitaji leseni ya daraja linaloendana na gari (C1 kwa gari la abiria 15 hadi 29, C kwa la abiria 30 na kuendelea), uthibitisho wa LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), na kaunta buku moja. Hiyo kaunta buku nitaitaja mara nyingi.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya hesabu kabla ya kupokea funguo

Kaa chini na kalamu. Tuseme tajiri anataka 100,000 kwa siku, mafuta yanakula 110,000, ushuru, maji na kuosha gari 10,000, konda 18,000, na wewe unataka kurudi nyumbani na 26,000. Jumla 264,000. Tarakimu ni za mfano, weka za ruti yako. Kama tripu moja, kwenda tu, inaingiza wastani wa 22,000, unahitaji tripu 12. Kwa foleni zetu, tripu ikila saa 1 na dakika 10, hizo ni saa 14 kwenye kiti, na hapo hujagusa muda wa kusubiri zamu stendi.

Sasa futa tripu mbili za mwisho. Nauli inapungua 44,000, mafuta unaokoa kama 18,000. Pengo ni 26,000. Itazame vizuri hiyo namba: ni riziki yako yote ya siku. Tajiri keshapata chake na sheli imeshalipwa, wewe unaanza kujitafutia usiku, macho mekundu, mguu wa klachi umekufa ganzi. Nilipogonga nguzo ya taa mwaka wangu wa nne ilikuwa saa tatu usiku, tripu ya kumi na moja. Sikuwa nimekunywa chochote. Nilikuwa natafuta ya kwangu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na hata ukiweka za ziada, siku moja isivuke saa 12. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili saa nzima ya kupumzika. Kati ya siku na siku pawe na saa 12 za mapumziko, na kila wiki saa 24 bila kazi. Linganisha na gari linaloamka saa kumi alfajiri na kulazwa saa nne usiku.

Kwa hiyo mazungumzo na tajiri yafanyike siku ya kwanza, wakati bado anakuhitaji. Usiende na malalamiko, nenda na ile karatasi yenye namba. "Mzee, shikamoo. Gari nimeliona, liko vizuri. Ila kwa ruti hii laki moja inataka tripu kumi na mbili, na mimi naweza kumi salama. Tuongee." Wengine watakwambia vijana wako wengi kijiweni. Sawa. Wengine watasikiliza, maana gari likigongwa wiki mbili gereji na wao hawali.

Mambo ya kuomba ni haya, kwa mpangilio wa nilivyoona yakikubaliwa. Hesabu ya Jumapili na ya siku ya mvua kubwa iwe ndogo. Siku gari liko kwa fundi pasiwe na hesabu, na isihamishiwe kesho yake. Faini zigawanywe: ubovu wa gari, kama taa, tairi au bima iliyoisha, ni za tajiri, kosa la uendeshaji ni lako. Faini moja ya 30,000 inazidi posho yako ya siku, kwa hiyo hili lisibaki hewani. La mwisho, na gumu kuliko yote, ni kugawana gari madereva wawili, mmoja anaamsha, mwenzake anapokea saa nane mchana. Mimi naona hilo ndilo lenye maana kuliko yote. Matajiri hawalipendi kwa kuwa wanaamini gari la wawili halina mwenyewe, na sisi hatulipendi kwa kuwa fedha ya leo inakuwa nusu. Lakini nimewahi kulifanya miezi saba, na ndiyo miezi pekee niliyokuwa nakumbuka tripu zangu zote za siku.

Hatua ya 2: Tafuta karatasi

"Mimi simwajiri, namkodisha tu gari, ananiletea hesabu." Utaisikia hiyo. Usiimeze haraka. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa kikitimia hata kimoja kati ya vigezo kadhaa: kazi yake au saa zake zinasimamiwa na mwingine, amemfanyia mtu huyo kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, au anapewa na huyo mtu vitendea kazi. Saa 45 kwa mwezi wewe unazimaliza ndani ya siku nne. Na kitendea kazi, yaani gari, si lako. Mwenye kudai kwamba hujaajiriwa ndiye atakayetakiwa kuthibitisha.

Mwajiri anatakiwa kukupa maelezo ya kazi kwa maandishi: majina, kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, mahali, saa za kazi na malipo. Kuna matajiri wanaochapisha mkataba mzuri kabisa kwa ajili ya kuonyesha ofisini, dereva anasainishwa juu ya boneti na hapewi nakala. Niliwahi kusaini wa hivyo, una mshahara ambao sijawahi kuuona kwa macho. Ukiletewa, saini, halafu piga picha kurasa zote hapo hapo kwa simu. Hata karatasi ya uongo ina jina lake, jina lako na namba ya gari.

Ukikosa mkataba kabisa, usikate tamaa. Shauri likifika mbele, mwajiri asiyeweza kutoa maelezo ya maandishi ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti yalikuwa yapi. Wewe uwe na kaunta buku. Kila usiku mstari mmoja: tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kulaza, idadi ya tripu, lita za mafuta, hesabu uliyolipa na namba ya muamala, ubovu uliouona na uliyemwambia. Dakika tatu. Na hesabu itume kwa simu badala ya kumpa mtu mkononi, maana ujumbe wa muamala ni shahidi asiyehama mtaa.

Uliza pia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na WCF. Kwenye NSSF mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe huwezi kukatwa zaidi ya asilimia 10. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachangiwa na mwajiri peke yake. Akikwambia anakukata kwa ajili ya WCF, anakudanganya. Asipokuandikisha NSSF unaweza kujiandikisha mwenyewe kama uliyejiajiri ukachangia kidogo kidogo. Haimwondolei yeye wajibu, ila miaka haikungoji.

Hatua ya 3: Alfajiri, kabla konda hajaita abiria wa kwanza

Dakika kumi na tochi. Nafahamu gari limelazwa mbali, umelala saa nne, unataka kuwahi zamu. Fanya hivyo hivyo.

Anza chini. Dimbwi jeusi chini ya injini ni oili, la rangi ya kijani au pinki ni maji ya rejeta, na unyevu upande wa ndani wa tairi unaweza kuwa mafuta ya breki. La mwisho hilo haliendi barabarani, hakuna mjadala. Pita kwenye tairi zote. Kwa Coaster, nyuma zipo mbili mbili kila upande, na la ndani ndilo matajiri wanalofichia kipara. Ukiona tairi la zamani limechongwa maua upya kwa kisu, unyuzi wake umekaribia kuonekana. Liandike kwenye buku. Mulika nati. Mstari wa kutu unaoteremka kutoka kwenye nati maana yake imelegea na inacheza.

Breki za Coaster na Hiace zina usaidizi wa upepo unaovutwa na injini. Kabla ya kuwasha, kanyaga pedali mara tano mpaka iwe ngumu, ikalie, kisha washa. Ikishuka kidogo chini ya mguu, usaidizi upo. Isiposhuka, utakuwa unasimamisha gari zima kwa nguvu ya paja. Kisha endelea kuikalia nusu dakika: ikizama polepole kuelekea sakafuni, kuna mahali mafuta yanapita yasipotakiwa kupita. Kwa basi kubwa lenye breki za hewa, ngoja mshale ufike juu, zima injini, utazame. Mshale ukianguka haraka, kuna tundu.

Halafu stelingi, taa (konda asimame nyuma akuambie za breki), waipa, honi, mkanda wako, triango, mtungi wa kuzimia moto. Mlango. Huo mlango umepoteza vijana wengi, kwa sababu konda anaufanya ngazi ya kuning'inia. Ukiondoka kabla hajaingia, aliyemwangusha ni wewe.

Rejeta usiifungue ikiwa ya moto, hata kama abiria wanapiga kelele. Nina kovu la mkono wa kulia linaloeleza vizuri kuliko mimi.

Ukikuta ubovu wa breki, stelingi au tairi, mpigie tajiri, kisha umtumie ujumbe wa maandishi hata kama mmeongea: "Mzee, leo saa 10:40 alfajiri breki zinazama, gari silitoi mpaka fundi aje." Fupi, yenye saa na ubovu. Akijibu "toa hivyo hivyo", usilifute jibu hilo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri kuhakikisha kazi haimdhuru mfanyakazi, na msimamizi wake ni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Gari lako ndiyo mahali pako pa kazi.

Hatua ya 4: Mwili wako

Hapa ndipo tunapojidanganya zaidi. Dereva atabadilisha oili kwa wakati, yeye mwenyewe presha hajapima tangu alipofanyiwa kipimo cha leseni.

Kwanza mkojo. Tunaubana. Hatunywi maji kusudi tusiupate, Januari ile jua linapiga kioo cha mbele na injini iko chini ya kiti au ubavuni inakupikia. Matokeo ni UTI zisizoisha na mawe ya figo. Weka utaratibu: kila ukifika stendi ya mwisho, choo kwanza, kisha maji, ndipo mambo mengine. Chupa ya lita moja na nusu iwe imekwisha kabla ya mchana. Konda anaweza kusimamia upakiaji dakika nne bila wewe. Dada zetu walio kwenye usukani, ambao sasa si wachache tena, wanaumia zaidi hapa, kwa sababu vyoo vya stendi nyingi ni vya kuingia ukiwa umeshika pua.

Joto la injini linapunguzwa kwa kipande kinene cha zulia au sponji iliyofunikwa turubai juu ya kifuniko. Fundi viti atakukatia kwa bei ya sahani mbili za wali. Hakikisha hakifiki chini ya pedali.

Mgongo: sogeza kiti mpaka ukikanyaga klachi yote goti libaki limekunja kidogo. Wengi tunakaa mbali ili tuonekane tumetulia, kisha kila tunapokanyaga, kiuno kinavutwa. Kama kiti kimekufa, kunja taulo uweke kiunoni. Na pochi itoke mfuko wa nyuma. Kukalia pochi upande mmoja saa kumi ni kujitafutia maumivu ya mguu mzima.

Usingizi una saa zake. Mwili unataka kulala kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na tena mchana kati ya saa nane na saa kumi. Ukigundua umepita vituo viwili na huvikumbuki, ulishalala. Kufungua dirisha na kuongeza muziki hakusaidii zaidi ya dakika chache. Kinachosaidia ni kulala dakika 15 hadi 20 stendi. Kunywa kahawa chungu ya kijiweni kabla hujalala. Itakuwa inaanza kufanya kazi unapoamka. Mirungi ni kosa la jinai, na zile chupa za kuongeza nguvu, tatu kwa siku, zinakupeleka moyo mbio huku usingizi ukingoja zamu yake.

Presha na sukari pima angalau kila baada ya miezi mitatu. Macho kila mwaka. Ukiugua chukua cheti cha daktari na mpe tajiri kwa maandishi, kwani mwajiriwa ana haki ya siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Likizo ya mwaka ni siku 28. Najua unacheka. Ziandike tu kwenye buku kwamba uliziomba.

Hatua ya 5: Barabarani na stendi

Wapiga debe usigombane nao; mwachie konda, bei mpatane mapema. Fedha zikifika nusu ya hesabu mchana, zitume, ili tripu ya usiku wa manane usibebe mfuko mzito kwenda Chanika au Bunju.

Masika maji yakifunika barabara, pale Jangwani au kwenye daraja lolote la mtaani, na huoni kingo, usiingie. Abiria watasema mwenzako kapita. Mwenzako hana majina ya abiria wako.

Gari usimpe deiwaka, yaani dereva wa kukushikia kwa siku, asiye na leseni ya daraja lake, hata akiwa mdogo wako wa tumbo moja. Na ukiwa wewe ndiye deiwaka, ile dakika kumi ya tochi ni yako pia, maana mwenye gari lake la kila siku ameuzoea ubovu wake na wewe hujauzoea. Bima ihakiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Stika ya kioo inaweza kuchapishwa na yeyote.

Hatua ya 6: Ikitokea ajali

Simama. Zima injini, washa taa za dharura, weka triango, toa watu. Polisi ni 112, Zimamoto 114. Watu wakianza kukusanyika na mawe, ondoka kwa miguu au kwa bodaboda moja kwa moja mpaka kituo cha polisi kilicho karibu ujisalimishe. Kukimbilia nyumbani ni kosa jipya juu ya lile la kwanza. Usibishane na mtu kuhusu nani mwenye makosa, wala usisaini maelezo ambayo hujasoma mwenyewe.

Wewe nawe ni majeruhi mpaka daktari aseme vinginevyo. Chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, sema kila kinachouma hata kidogo. Shingo ya ajali huanza kuuma kesho yake. Vyeti vyote piga picha.

Kisha mjulishe tajiri kwa maandishi kwamba umeumia kazini. Yeye anatakiwa kuitaarifu WCF ndani ya siku 7. Usimngoje: nenda ofisi yao mwenyewe na PF3, vyeti, picha za buku na za miamala. Taarifa ikichelewa zaidi ya miezi 12, haki ya fidia inaweza kupotea. Nimewaona wawili waliokaa nyumbani na vyuma mguuni wakisubiri "mzee atafanya kitu". Mzee aliuza gari.

Hatua ya 7: Ukinyang'anywa funguo

Kwa kawaida hufukuzwi kwa barua. Unafika alfajiri, unamkuta kijana mwingine kwenye kiti chako. Siku hiyo ndiyo ya kuanza kuhesabu, kwa sababu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inapokea shauri la kuachishwa kazi isivyo halali ndani ya siku 30, na madai mengine, kama malimbikizo ya mshahara au saa za ziada, ndani ya siku 60. Dai la kuachishwa isivyo halali linahitaji uwe umefanya kazi angalau miezi 6. Tarehe ya kwanza kwenye buku ndiyo itakayokuokoa.

Unajaza fomu namba 1 ya CMA, unampelekea tajiri nakala, unatunza ushahidi kwamba ameipokea: saini, au shahidi. Kisha mnaitwa kwa msuluhishi, ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha. Wakili si lazima. Andika madai yako kwa tarakimu: notisi, likizo ambazo hukuzipata, saa za ziada kwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika kama ulifikisha mwaka. "Nataka haki yangu" haijumlishiki.

Peke yako ni vigumu. Jiunge na chama cha wafanyakazi; COTWU(T) ni cha sekta ya mawasiliano na uchukuzi, na sheria inaruhusu hata wafanyakazi 20 kuanzisha chao. Umoja wa kijiwe wa kuzikana ni mzuri, ila hauwezi kukusimamia CMA. Aprili 10, 2015 madereva waligoma nchini, Dar ikatembea kwa miguu, wakipinga kurudishwa darasani kwa gharama zao kila wanapotaka kuhuisha leseni na wakidai mikataba. Serikali ilikaa nao mezani. Mwezi uliofuata wakagoma tena.

Na hiyo kaunta buku isilale kwenye gari. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa juu ya dashibodi, miaka miwili ya mistari, siku niliyokuta kijana mwingine kwenye kiti changu. Sikuiona tena. Sasa kila Jumapili jioni napiga picha kurasa za wiki na kumtumia mama watoto. Yeye hazisomi, anaziacha tu kwenye simu yake.